Mafuta, Upepo na Mkono wa Rubani

Shirika la East African Airways lilipoanza kazi Januari 1, 1946, lilikuwa na ndege sita, zote za aina ya de Havilland Dragon Rapide: mbao, kitambaa na injini mbili ndogo. Rubani alikaa peke yake puani. Aliposukuma usukani, waya za chuma zilizopita ndani ya bodi zilivuta mabapa ya mbawani na mkiani, na nguvu yote iliyofika huko ilitoka kwenye mikono na miguu yake. Magurudumu hayakukunjwa. Yalibaki nje safari nzima, yamevishwa vifuniko mithili ya suruali ili yasikwamishe ndege sana.

Miaka 20 baadaye shirika hilohilo lilikuwa likirusha Super VC10, ndege ya injini nne ambayo ikipaa na mzigo wake wote ilikaribia tani 152. Hakuna binadamu mwenye misuli ya kupindua bapa la ndege kama hiyo likiwa linasukumwa na hewa ya kasi ya kilomita 900 kwa saa. Lazima nguvu itoke kwenye injini na isafirishwe hadi mwisho wa bawa na ncha ya mkia. Namna ya kuisafirisha ndiyo iliyowasumbua wahandisi katika miaka hiyo, na karibu kila jibu walilolipata lilifika Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe likiwa limebeba abiria.

Kanuni yenyewe ni kongwe kuliko ndege. Blaise Pascal wa Ufaransa aliieleza katika karne ya 17: kioevu kilichofungiwa ndani ya chombo, ukikisukuma upande mmoja, msukumo huo hufika kila pembe bila kupungua. Mwaka 1795 fundi Mwingereza, Joseph Bramah, alipata hataza ya mashine iliyoitumia kanuni hiyo: pistoni nyembamba inasukuma, pistoni nene inanyanyua mzigo. Bei yake hulipwa kwa mwendo, kwani ile nyembamba husafiri mbali ili ile nene isogee kidogo. Jeki ya gereji inafanya kazi hivyohivyo hadi leo.

Kwenye vyombo vya moto njia ilifunguliwa na Mmarekani Malcolm Loughead, aliyebuni breki za mafuta. Mwaka 1921 gari la Duesenberg lilikuwa nazo kwenye magurudumu yote manne. Mdogo wake, Allan, alikuwa mtu wa ndege. Kampuni ya ndege aliyoianzisha na wenzake mwaka 1926 iliitwa Lockheed, tahajia nyingine ya jina la familia, na ndege zake za Lodestar zilikuja kuhudumia East African Airways mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kilichowasukuma wahandisi kuyapeleka mafuta angani ni magurudumu. Kuanzia miaka ya 1930 kila mtengenezaji alitaka kuyakunja ndani ya ndege ili ipate kasi, lakini mwanzoni nguvu ya kuyakunja ilikuwa ya rubani. Katika ndege ya kivita ya Grumman Wildcat alizungusha mpini karibu mara 30. Katika Spitfire za kwanza alipampu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani, na kila aliposukuma pampu mkono wa pili ulifuata, ndege ikawa inapaa huku ikiinua na kuinamisha pua. Waliokuwa chini walimtambua mgeni kwa kumtazama tu anavyoondoka.

DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935, ilionyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa bila jasho. Pampu zilizungushwa na injini, zikavuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma ndani ya mabomba membamba hadi kwenye vali. Rubani akigeuza mkono wa vali, mafuta huingia upande mmoja wa pistoni na magurudumu hupanda. Akiugeuza kinyume, huingia upande wa pili nayo hushuka. Mafuta yaliyokwisha kazi hurudi tangini kupitia kwenye chujio. Breki na flapu, yaani mabapa ya mbawani yanayoshushwa ndege inapotua, zilitumia mafuta hayohayo, na hata vifuta-kioo. Pampu ya mkono haikuondolewa. Ilibaki kwenye chumba cha marubani kwa siku ambayo injini ingegoma. East African Airways iliingiza DC-3 katika miaka ya 1950 na kuzitumia kwa miaka mingi.

Shinikizo la mifumo ya wakati huo lilikuwa dogo. Kadiri ndege zilivyokua, lilipandishwa hadi kufikia PSI 3,000, kiwango ambacho ndege nyingi za abiria zinakitumia hadi leo. Hiyo ni takriban kilo 210 kwa kila sentimita ya mraba, karibu mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 tu, ikisukumwa na mafuta hayo, inatoa nguvu ya kunyanyua tani 16. Ndiyo maana kifaa kinachoweza kukumbatiwa na fundi mmoja kinatosha kukunja miguu ya ndege kubwa.

Lakini si kila mtu aliyapenda mafuta. Yanavuja, yanachafua, yanashika moto, na kila bomba la kwenda linahitaji bomba la kurudi. Upepo ulioshindiliwa hauna shida hizo: ukimaliza kazi unaachiwa nje, basi. Waingereza waliutumia kwenye breki na flapu za Spitfire, kisha de Havilland ikautumia kukunja magurudumu, kushusha flapu na kufunga breki katika ndege ndogo ya Dove. Waliokwenda mbali zaidi ni Waholanzi wa Fokker. F27 Friendship, iliyoanza kuhudumia East African Airways mwaka 1962, ilikunja magurudumu, ikafunga breki na kugeuza gurudumu la mbele kwa upepo ulioshindiliwa kwa zaidi ya PSI 3,000. Kompresa zilizozungushwa na injini zilijaza mitungi, na mitungi ikawa akiba: hata injini zikizimika, upepo uliomo unatosha kushusha miguu na kusimamisha ndege. Waliozoea lori wataelewa haraka, maana F27 ilikuwa na breki za upepo wakati ndege nyingine za ukubwa wake zilikuwa na breki za mafuta.

Adui wa mfumo huo ni unyevu. Hewa ya Mombasa au Zanzibar ikishindiliwa hutoa maji, na maji hayo ndege ikipanda juu huganda ndani ya vali. Kwa hiyo Fokker iliweka vikaushio na vichujio njiani, na mafundi walikuwa na kazi ya kumwaga maji kila mara. Tena upepo hunywea. Mafuta hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo pistoni yake husimama palepale vali inapofungwa. Ya upepo huweza kuchezacheza. Kwa magurudumu, yanayopanda hadi juu au kushuka hadi chini bila kuhitaji kusimama katikati, hilo si tatizo. Kwa mabapa ya kuongozea ndege, yanayotakiwa kusogea kidogo sana na kubaki hapo, upepo hauaminiki. Hapo mafuta yalishinda, na yameshinda hadi leo.

Tatizo la moto lilitatuliwa na wakemia. Mifumo ya kwanza ilitumia mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na pombe, baadaye yakaja mafuta ya madini yaliyotiwa rangi nyekundu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Douglas, watengenezaji wa DC-3, na kampuni ya kemikali ya Monsanto walitengeneza Skydrol, kioevu cha zambarau kisichoshika moto kwa urahisi. Mafundi wanaiheshimu kwa sababu nyingine: inabandua rangi, inaharibu mipira ya sili isiyokuwa yake, na ikimrukia mtu machoni atalia kwa muda mrefu.

Mei 2, 1952, Comet ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya kibiashara ya ndege ya jeti kubeba abiria. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Waliokwenda uwanjani Entebbe walitaka kusikia mlio wa injini zake, lakini kilichokuwa kipya si injini peke yake. Comet ilikuwa miongoni mwa ndege za abiria za kwanza ambazo mabapa yake yote ya kuongozea yalisukumwa na mafuta. Usukani wa rubani ulifungua vali tu. Kwa kuwa hakuhisi tena upepo ukimpinga, wahandisi walilazimika kumtengenezea uzito wa bandia kwa springi, asije akavuta kupita kiasi. East African Airways ilipokea Comet 4 zake za kwanza mwaka 1960.

Kisha ikaja VC10, na hapa wabunifu wake wa Weybridge, Uingereza, wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa. Waliogopa jambo moja: bomba kuu likikatika, mabapa yote yakose nguvu kwa mpigo. Kwa hiyo waliyakata mabapa vipande, manne ya mbawani, manne ya mkiani na matatu ya usukani wa wima, na kila kimoja kati ya hivyo 11 wakakipa kifaa chake, chenye mota ya umeme, pampu na mafuta yake mwenyewe ndani ya kasha moja. Kilichosafiri kutoka kwenye injini hadi mkiani ni nyaya za umeme. Mabomba ya mafuta yaliachiwa kazi kama za magurudumu na breki.

Breki hizo ndizo zilizotajwa katika ajali mbaya kuliko zote za shirika hilo. Aprili 18, 1972, Super VC10 yenye usajili 5X-UVA ilikuwa ikipaa Addis Ababa kuelekea Rome na London. Gurudumu lake la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha jeki kilichodondoshwa na ndege ndogo, tairi likapasuka, na rubani akaamua kusimama. Ndege haikusimama, ilipita mwisho wa barabara ya kurukia, ikaporomoka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Uchunguzi ulieleza kwamba sehemu ya nguvu ya breki ilipotea kwa sababu kipande cha mfumo huo kilikuwa kimeunganishwa vibaya kilipofanyiwa matengenezo. Hofu ya Weybridge ilikuwa juu ya mabapa, maafa yakatokea kwenye magurudumu.

Historia hii, hata hivyo, haiendi kwa mstari ulionyooka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 East African Airways iliongeza DC-9, jeti ya Marekani ambayo mabapa yake ya mbawani husogezwa na vibapa vidogo: rubani huvuta kibapa kwa waya, na upepo wenyewe ndio unaosukuma bapa kubwa. Hata leo, ATR 72 zinazounganisha Dar es Salaam na Mwanza huongozwa kwa waya na mikono ya marubani; mafuta hutumika kwenye miguu, breki, flapu na vibapa vichache vya juu ya bawa.

Hofu ya bomba kukatika ilithibitishwa kwa damu. Agosti 12, 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilipasuka ukuta wa nyuma wa kabini, mifumo yake yote minne ya mafuta ikakatwa mkiani, na watu 520 wakafa. Julai 19, 1989, injini ya mkiani ya DC-10 ya United Airlines ilipasuka na vipande vyake vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu. Kapteni Al Haynes na wenzake waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi Sioux City, jimbo la Iowa. Ilianguka ikitua, lakini watu 184 kati ya 296 waliokoka. DC-10 zikawekewa vali ya kuzuia mafuta yasiishe yote. Ukiitazama VC10 baada ya hapo, mpangilio wake ghali na mzito hauonekani tena kuwa woga.

Injini zikizimika zote kuna silaha moja ya mwisho: feni ndogo inayochomoza chini ya ndege na kuzungushwa na upepo wa mwendo wenyewe, ikaendesha pampu au jenereta. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta ya injini juu ya Bahari ya Hindi. Kwa nguvu ya feni hiyo Kapteni Leul Abate aliendelea kuiongoza hadi akaishusha majini karibu na ufuo wa Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Waliookoka walikuwa 50, na baadhi yao walitolewa majini na wavuvi na watalii waliokuwa ufukweni.

East African Airways ilikufa mwaka 1977, lakini VC10 zake nne zilinunuliwa na kugeuzwa kuwa ndege za kugawa mafuta angani za jeshi la anga la Uingereza. Mbili kati yake zilirushwa hadi Septemba 2013. Kufikia hapo Airbus A380, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2007, ilikuwa na vifaa vya kusogeza mabapa vinavyoendeshwa kwa umeme na vyenye mafuta yao ndani, wazo la Weybridge lililorudi baada ya miaka 40, sambamba na mifumo miwili ya mafuta ya PSI 5,000.

Upepo nao umepunguziwa kazi. Katika jeti nyingi hewa ya moto huchotwa ndani ya injini ili kujaza kabini, kuyeyusha barafu mbawani, kuwasha injini ya pili na hata kutia shinikizo kwenye tangi la mafuta ya haidroliki ili pampu isiyakose. Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways iliipokea mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, imeacha karibu yote hayo. Hewa ya kabini inashindiliwa na kompresa za umeme, mbawa zinapashwa moto kwa umeme, na injini inawashwa na jenereta zake zenyewe zikigeuka kuwa mota. Miguu yake bado inakunjwa kwa mafuta.