Mpira Ulijua Kabla ya Vitabu

Fimbo ya gofu hugusana na mpira kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka fimbo ikiwa juu kabisa hadi inapogonga mpira ni kama robo sekunde. Ubongo wako, hata uwe mkali aje, unahitaji karibu muda huo wote kugundua tu kwamba kuna kitu kimeenda mrama. Ukishashtuka, mpira ulishaondoka. Mpigo hauwezi kurekebishwa ukiwa ndani yake. Unaweza tu kurekebisha ule unaofuata, na ndipo swali linaanza: utajuaje mikono yako ilifanya nini?

Swali hilo ndilo lililonivuta kwenye historia ya mchezo ambao wengi wetu Nairobi tunaujua kwa upande wa nje wa ukuta, tukiwa ndani ya matatu. Makoti na vikombe vyao havinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni jinsi watu wamehangaika kwa zaidi ya karne moja wakitafuta mtu au kitu cha kuwaambia ukweli kuhusu miili yao wenyewe.

Chukua Ben Hogan. Alizaliwa Texas mwaka wa 1912, na baba yake alijiua Ben akiwa na miaka tisa. Akaenda kubeba fimbo za wenyewe katika klabu ya Glen Garden, Fort Worth, akiwa bado mtoto. Shule ya upili aliiacha katika muhula wa mwisho, na kabla ya kufikisha miaka 18 tayari alikuwa mchezaji wa kulipwa. Kisha, bana, hakuna kitu. Mpira wake ulikuwa na tabia ya kupinda kushoto kwa ghafla na kupotelea vichakani, na pesa zilikuwa zinamwishia safarini. Mashindano yake ya kwanza ya kulipwa akicheza peke yake alishinda mwaka wa 1940. Hiyo ni miaka kumi ya kukosa.

Miaka hiyo aliipitisha kwenye mazoezi, wakati ambapo wachezaji wengi wa kulipwa hawakuwa na mazoea ya kupiga mipira saa nzima bila mashindano. Siku hizo ukifanya mazoezi, kedi anasimama mbali uwanjani na mfuko, wewe unampigia mipira na yeye anaiokota. Fikiria hiyo picha kidogo. Yule kijana ndiye shabaha, na yeye ndiye kipimo. Akichukua hatua mbili kuufuata mpira, umepiga vizuri. Akikimbia, kuna kitu mikononi mwako kinataka kubadilishwa. Hogan alibadilisha jinsi anavyoshika fimbo, akaugeuza kidogo mkono wake wa kushoto, akapiga tena, akaangalia kijana anaenda wapi. Polepole ule mpindo wa kushoto ukafa.

Februari 1949 basi liligonga gari lake uso kwa uso. Alivunjika nyonga, mtulinga, kifundo cha mguu na ubavu. Miezi 16 baadaye alishinda US Open kule Merion akitembea kwa maumivu, na mwaka wa 1953 akabeba Masters, US Open na The Open ndani ya msimu mmoja. Watu wakaanza kusema ana siri. Mimi naona siri yenyewe ilikuwa imesimama pale uwanjani na mfuko.

Wakati huohuo, wenye vifaa walikuwa wanatafuta kwa njia yao. Bobby Jones alitengeneza filamu za mafunzo na Warner Bros. mwaka wa 1931. Harold Edgerton, mhandisi wa MIT, alitumia taa zinazomweka kwa kasi ya ajabu kuupiga mzunguko wa fimbo picha nyingi kwenye fremu moja, mpaka swingi ikaonekana kama feni. Picha tamu sana. Lakini picha inakuonyesha mwili tu. Haikwambii kwa nini mpira ulipinda.

Na hapa ndipo hadithi inaponikasirisha. Mpira unapogongwa, kuna mambo mawili makubwa ya kuangalia: fimbo inapita njia gani, na uso wake unatazama wapi. Kwa miongo mingi walimu wa gofu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso ulikokuwa unatazama. Inaingia akilini, ndiyo maana ilidumu. Kumbe ni kinyume. Mpira huanza karibu na kule uso unakotazama, kwa kiasi cha kama asilimia 75 hadi 85 kutegemea fimbo, halafu hupinda kuikimbia njia. Sasa weka mti mbele yako. Ukifuata sheria ya zamani, unaelekeza uso kwenye bendera na kuzungusha fimbo kando ya mti. Mpira unaenda kugonga mti, pap! Mwalimu anakwambia hukuzungusha vizuri.

Waandishi wa The Search for the Perfect Swing, kitabu cha 1968 kilichotokana na utafiti wa Golf Society of Great Britain, walikuwa tayari wameonyesha umuhimu wa uso wa fimbo. Ila mafunzo yaliendelea vilevile mpaka TrackMan, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka wa 2003, ilipoleta viwanjani rada ya aina inayofuatilia vitu kama makombora. Namba zilipotokea kwenye skrini, ubishi ukaisha. Zaidi ya miaka 30 jibu lilikuwa kwenye rafu.

Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu, na sehemu ya kilichonitoa ni insha zilizorudi na namba tu: 54, 61, bila mstari hata mmoja wa kueleza. Kwa hivyo naelewa mtu anayepiga mti miaka kumi akiambiwa ajitahidi.

Lakini rada nayo ina mtego. Mwaka wa 1984 Alan Salmoni, Richard Schmidt na Charles Walter walichapisha uchambuzi uliosema kwamba mrejesho wa kila mara humsaidia mtu akiwa mazoezini, kisha ukiondolewa anaanguka, kwa sababu ameuegemea kama mkongojo. Ndiyo maana mazoezi mazuri ya swingi ni ya kishamba kabisa. Chora mstari chini, piga, uone fimbo imekwangua mbele au nyuma ya mstari. Pulizia poda kwenye uso wa fimbo, uone alama imekaa wapi. Chomeka vijiti viwili na upitishe fimbo katikati. Kila zoezi linajibu swali moja, halafu linanyamaza.

Seve Ballesteros hakuhitaji hata poda. Alikulia Pedreña, Uhispania, akiwa kedi, na alijifunza kwenye mchanga wa ufuoni kwa fimbo moja, chuma namba 3. Mchanga wenye unyevu hauna huruma: ukiugusa kabla ya mpira, mpira hauendi popote. Kwa fimbo hiyo moja alibuni mipigo ambayo wenzake walihitaji mfuko mzima kuipiga. Mwaka wa 1978 alikuja hapa akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akachukua The Open.

Sitaki kusifu umaskini, tafadhali. Seve alikuwa na ufuo ambao hakuna aliyemfukuza, na alikuwa na saa nyingi. Gofu ipo Nairobi tangu 1906, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba fimbo za mtu mwingine, kama Hogan, kama Seve. Kedi anaona mipigo mia kwa siku na anaijua nyasi kuliko mwenye fimbo. Anachokosa ni nafasi ya kupiga mpira wake mwenyewe, akosee, apige mwingine. Kwenye klabu nyingi duniani nafasi hiyo ni Jumatatu, siku ambayo wanachama hawachezi. Kenya Open ilianza 1967. Hadi toleo la 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda.