Hedifoni zinazodumu: kutoka jikoni Utah hadi kwa fundi wa Raila

Leo naweka kando kodi (za programu, ya nyumba nimeshalipa) nijibu swali ninaloulizwa kuliko swali lolote la kompyuta: ninunue hedifoni gani, zile kubwa za kufunika sikio zima, zenye sauti safi, ambazo nitazibeba kila siku kwenye matatu na zisife baada ya miezi mitatu? Wengi hutaka nitaje kampuni moja basi yaishe. Mimi naona historia inajibu vizuri zaidi, kwa hivyo vumilia kidogo, tutafika dukani.

Tuanze na wafanyakazi wa simu. Katika miaka ya 1880 huko Marekani, waliokuwa wakiunganisha simu za watu walivaa mtambo wa kilo kadhaa begani ili mikono yao ibaki huru. Pini waliyokuwa wakichomeka kwenye suichibodi ndiyo babu wa ile pini nene ya 6.35 mm unayoiona kwenye magitaa na mitambo ya studio. Mjukuu wake ni pini ya 3.5 mm, iliyoenea pamoja na redio za transista. Kitu kilichotumika zaidi ya miaka 100 bila kubadilishwa sana! Sisi waandishi wa programu hatuna cha kujivunia hapo.

Mwaka 1910 Jeshi la Majini la Marekani lilipokea barua kutoka kwa Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah, kuhusu hedifoni alizojiundia mwenyewe. Wakazipima, wakakuta zinasikika vizuri kuliko walizokuwa nazo. Walipotaka nyingi, Baldwin akawajibu kwamba hutengeneza chache tu kwa mara moja, kwa sababu karakana yake ni jiko la nyumbani kwake. Wanamaji walilalamikia ukanda wa kichwani, naye akaubuni upya kwa fito za waya zilizofunikwa ngozi. Fikiria mteja huyo alivyokuwa. Mpokeaji wa telegrafu melini hakuwa na duka baharini. Kitu kikiharibika, kilipaswa kufunguliwa na kurekebishwa palepale, la sivyo ujumbe unapotea.

Hapo ndipo ninapotaka ukazie macho. Hedifoni zilizodumu katika historia hii, kwa kiasi kikubwa, ni zile zilizoundwa kwa ajili ya watu walio kazini.

Sauti yenyewe ilitatuliwa zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1937 huko Berlin kampuni ya Eugen Beyer ilitoa DT 48. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyobandikwa kwenye kiwambo na kuwekwa mbele ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa na kuvutwa, kiwambo kinatikisika, nawe unasikia. Fungua hedifoni nyingi zilizo madukani leo utakuta mpango ni uleule. Sumaku zimekuwa bora na viwambo vyepesi, kweli, lakini spika hiyo ndogo ni nadra kuwa ya kwanza kufa. Kinachokufa ni vitu vinavyoizunguka.

Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alileta SP/3, hedifoni za stirio za kusikilizia muziki sebuleni. Mwaka 1968 Sennheiser wakatoa HD 414, nyepesi, zilizo wazi kwa nyuma, na sponji za njano ambazo mwenyewe unazivua na kuziosha. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Halafu Julai 1979 ikaja Walkman ya Sony, na hedifoni zake zilikuwa na uzito wa gramu 45 hivi, wakati za kawaida zilikuwa gramu mia tatu na kitu. Kuanzia hapo muziki ukaanza kutembea barabarani. Kuanzia hapo pia waya ukaanza kukunjwa mfukoni, kukanyagwa na kunaswa kwenye mlango wa gari.

Hapa Kenya redio ilianza mwaka 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Lakini hedifoni ziliwafikia watu wengi baadaye sana, simu za mkononi zenye FM zilipoenea. Je, unakumbuka kwamba simu zile zilikataa kupiga redio mpaka uchomeke waya? Sababu ni kwamba waya wa hedifoni ndio uliokuwa antena. Hapa Kibera tulikuwa na Pamoja FM, ambayo ilikuwa hewani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ikiwasihi watu watulie. Kwa aliyesikiliza kwa simu usiku ule, waya uliokatika ulikuwa na maana kubwa kuliko kukosa muziki.

Kijijini Raila kuna fundi wa simu ambaye mezani kwake kuna katoni iliyojaa hedifoni. Nilimuuliza ni nini huharibika kwanza. Hakufikiri hata sekunde moja: "Waya, bosi. Hapa shingoni mwa pini." Pili ni sponji kuchanika, tatu ni bawaba kuvunjika pale zinapokunjwa. Waya huo anaukata, anachomekea pini mpya, analehemu, na unaondoka kabla chai haijapoa. Lakini alikuwa na fungu jingine pembeni, za blutuuthi. Hizo ganda lake limegandishwa kwa gundi na betri imezikwa ndani. Betri ikichoka, kuifikia ni kulivunja ganda.

Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la 3.5 mm kwenye iPhone 7, wengine wengi wakafuata, na hedifoni zikageuka kitu chenye tarehe ya kufa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka betri za vifaa vya kubebwa ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa, kuanzia Februari 2027, ingawa ina misamaha yake. Nina hamu ya kuona kama matunda yake yatafika Luthuli Avenue.

Sasa tuingie dukani. Studio nazo ni mahali pa kazi, na zimetuachia mifano mizuri. DT 770 ya Beyerdynamic ilianza 1985, MDR-7506 ya Sony 1991, na zote mbili bado zinatengenezwa na sponji zake zinanunuliwa peke yake. Ila tahadhari: waya wa MDR-7506 ni ule wa kujikunja kama wa simu ya mezani, mzito kwa mtu anayetembea, na hauchomoki. DT 770 nayo ina aina kadhaa. Chukua ya omu 32, kwa maana ile ya omu 250 simu yako itaisukuma kwa shida na utadhani umeibiwa. Ukitaka waya wa kuchomoka, tazama ATH-M50x ya Audio-Technica, ya mwaka 2014. Kwangu mimi waya wa kuchomoka unashinda karibu kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi. Simu isiyo na tundu utaitafutia adapta ya USB-C. Adapta ikifa unanunua nyingine, hedifoni zinabaki.

Chagua zilizofungwa nyuma. Zile zilizo wazi kama HD 414 ni tamu nyumbani, lakini ndani ya matatu utashindana na spika za gari na utaongeza sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Sikio hakuna fundi wa Raila wa kulilehemu.

Na kama bei ya hizo nilizotaja inakushinda (zinawashinda wengi), vipimo ni vilevile kwa hedifoni yoyote. Nenda na simu yako na wimbo unaoujua vizuri. Zungusha waya shingoni mwa pini huku wimbo ukiendelea. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha. Tafuta skrubu. Vuta sponji uone kama inatoka bila kuchanika. Kunja na kukunjua bawaba mara kumi. Na muuzaji akikukataza kujaribu, duka linalofuata liko hatua tatu mbele.