Siku Mbili za Tano

Wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano. Anza kuhesabu na Jumamosi, ambayo ndiyo mosi, pitia Jumapili, Jumatatu na Jumanne, utafika Jumatano. Kesho yake ni Alhamisi, jina ambalo kwa Kiarabu nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kalenda mbili zimeshonwa pamoja, na fundi hakujisumbua kuuficha mshono.

Niliwahi kumsikia msemaji mmoja ukumbini akidai kwamba babu zetu hawakuweza kuhesabu kupita tano. Ushahidi wake ulikuwa sita, saba na tisa, maneno ya Kiarabu. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mimi niliudhika, tena zaidi kwa sababu ushahidi wenyewe ni wa kweli. Sita, saba na tisa zimetoka Uarabuni, na ishirini, thelathini, mia na elfu vilevile. Kasoro iko kwenye hitimisho.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu kwa sita, mfungate kwa saba na kenda kwa tisa. Kenda bado imo kwenye kamusi zetu. Ukivuka bahari hadi Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, utakuta lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili ikihesabu ndradaru, mfukare, nane, shenda. Watu wa Ngazija ni Waislamu wa karne nyingi, wamefanya biashara na Waarabu kama sisi, na namba zao wanazo mpaka leo. Kwa hiyo mgeni hakukuta pengo akalijaza. Alikuta neno, na sisi tukachagua la kwake.

Tazama pia maneno yenyewe yalivyoundwa. Wanaisimu huona tatu mbili ndani ya tandatu, na nne mbili ndani ya nane. Anayejumlisha nne na nne akapata jina la jumla yake hajakwama kwenye tano.

Mfungate haikufa kabisa. Ilikimbilia harusini. Fungate ni zile siku saba ambazo maharusi hukaa ndani baada ya ndoa, na saba imo ndani ya jina lenyewe. Rafiki yangu alikwenda fungate ya siku tatu, likizo ya kazini ilimtosha hizo tu. Kwa hesabu ya zamani alikwenda saba ya siku tatu.

Hata sarufi inakumbuka. Tunasema watoto wawili, watoto watano, watoto wanane, lakini watoto sita, watoto saba, watoto tisa. Nane hubadilika kumfuata mtoto kwa sababu ni mwenyeji. Wageni wale watatu hawajawahi kujifunza kuinama.

Kwa nini basi tulibadilisha? Nadhani jibu liko sokoni. Namba husafiri pamoja na vipimo. Pembe za ndovu, na baadaye karafuu za Unguja, zilipimwa kwa frasila, kipimo cha kilo 16 hivi kilichojulikana bandari nyingi za Bahari ya Hindi. Chini yake kulikuwa na ratili na wakia, majina ya Kiarabu, na hesabu ilipofika 100,000 tuliazima laki ya Kihindi. Bei ni neno linalotakiwa kueleweka pande mbili za mizani. Anayeuza kwa frasila hapati faida yoyote kwa kung'ang'ania kenda mbele ya mnunuzi aliyezoea tisa. Huo si ujinga wa hesabu, ni ujanja wa biashara.

Kwenye nguo mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkono ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, lakini kulikuwa pia na dhiraa konde, inayoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Tofauti yake ni urefu wa vidole vyako. Kwa jora zima la kitambaa, vidole hivyo ni kanzu ya mtu, na asiyeuliza mapema ni mkono upi unaopimia aliondoka na nguo pungufu.

Kipimo ninachokipenda ni pishi, vibaba vinne. Wanazuoni wa pwani waliilinganisha na swaa ya Kiarabu, ambayo nayo ni mudi nne, na mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vikiwekwa pamoja. Kila mwisho wa Ramadhani watu hutoa zaka ya fitri kwa kipimo hicho. Duka la mtaani kwetu hupima mchele wa fitri kwa mizani ya kielektroniki, kilo mbili na nusu kwa kila kichwa. Mama huupokea, huufungua mfuko, na huongeza viganja viwili vya kwake.