Shada la Maua Makavu katika Kaburi la Mfalme



Ua likatwapo halikawii kunyauka. Asubuhi lapendeza, jioni latupwa. Lakini leo nataka kuwasimulia habari za maua yaliyokatwa yapata miaka 3,300 iliyopita, ambayo yametupa ushuhuda mkubwa.

Mwezi wa Novemba 1922, Mwingereza Howard Carter alivumbua kaburi la Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri ya kale. Mwaka wa 1924 kifuniko cha kasha la mawe kiliinuliwa, likaonekana jeneza la mti lililofunikwa dhahabu, na juu ya kipaji chake shada dogo la maua makavu. Ndani yake mlikuwamo majeneza mengine mawili, nayo pia yamepambwa kwa maua.

Tazameni ustadi wa mafundi wale. Juu ya ukanda wa mafunjo walipanga majani ya mzeituni, moja likionyesha uso wake wa kijani, la pili mgongo wake mweupe kama fedha. Kati yake wakatia yungiyungi za buluu, na ua dogo la buluu lipendalo kuota penye ngano. Jeneza la ndani kabisa walilivika koja pana lenye matunda ya tunguja.

Mtaalamu Percy Newberry aliichungua mimea hiyo. Alijua ya kuwa ua lile dogo huchanua Misri mwezi wa Machi na Aprili, na tunguja huiva wakati uo huo. Basi akakata shauri kwamba mfalme alizikwa kati ya nusu ya Machi na mwisho wa Aprili, majira ya machipuko. Na kwa kuwa desturi ya kutengeneza maiti ilichukua siku 70, yaelekea alikufa Januari au Februari.

Dhahabu yatuonyesha utajiri wa mfalme, na maandishi yatutajia jina lake. Lakini majira ya maziko yake tuliambiwa na maua. Lau Carter angaliyafagia kama takataka, habari hiyo ingalipotea.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mkikuta ardhini kigae, mbegu au kaa la kale, msikitupe wala msikiondoe upesi. Andikeni mahali kilipo, mkamwite mwalimu. Kitu kidogo huenda kikawa ndicho shahidi aliyebaki.