Mipaka ilipofungwa: Nafasi ya mkazi wa kigeni kati ya kibali na pasipoti

Na Mwandishi Wetu

MATAIFA mengi yalipofunga mipaka yake Machi mwaka 2020 ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa Uviko-19, amri zilizotolewa ziliwagawa wasafiri katika makundi mawili: raia na wageni.

Mgawanyo huo ulikuwa mwepesi kuuandika katika tangazo la serikali, lakini uliacha kando kundi kubwa la watu wasioingia sawasawa upande wowote. Hao ni watu wanaoishi na kufanya kazi katika nchi ambayo si ya uraia wao: wahandisi, wauguzi, walimu, wafanyakazi wa majumbani, wafanyabiashara na wanafunzi.

Mtu wa aina hiyo ana makazi, ajira, na mara nyingi mwenzi na watoto katika nchi anayoishi. Hata hivyo, kinachomhalalisha kuwapo huko ni kibali cha ukazi, ambacho ni ruhusa inayotolewa na serikali na inayoweza kusitishwa na serikali hiyo hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi nchi mbalimbali zilivyowatendea watu hao wakati wa janga hilo, misingi ya kisheria iliyohusika, na mambo ambayo anayeishi ughaibuni anapaswa kuyafahamu kabla ya dharura nyingine kutokea.

Sheria za kimataifa

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inampa kila mtu uhuru wa kuondoka katika nchi yoyote, ikiwamo nchi yake mwenyewe. Uhuru huo unaweza kuwekewa mipaka kwa sababu ya afya ya umma, ilimradi hatua hiyo iwe katika sheria na iwe ya lazima.

Ibara hiyo inaongeza kuwa mtu hatanyimwa kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Katika ufafanuzi wake wa mwaka 1999, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa nchi ya mtu si lazima iwe ile ya uraia wake pekee, bali inaweza pia kuwa nchi ambayo ana uhusiano nayo wa pekee kiasi kwamba hawezi kuhesabiwa kuwa mgeni tu.

Kwa upande wa afya, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi inayochukua hatua kali kuliko mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) itoe sababu za kisayansi.

WHO ilipotangaza dharura ya afya ya umma ya kimataifa Januari 30, 2020, haikupendekeza kuzuia safari. Lakini mapendekezo hayo si amri, na kila serikali ilichagua njia yake.

Kwa ujumla, njia zilizochaguliwa zinaweza kugawanywa katika aina tatu.

Mkazi alipohesabiwa kama raia

Katika aina ya kwanza, mtu mwenye haki ya ukazi aliruhusiwa kurudi pamoja na raia. Marekani ilipowazuia wasafiri waliotoka China, kwa tamko la Rais Donald Trump la Januari 31, 2020, raia na wakazi wa kudumu hawakuguswa na katazo hilo. Wenye viza za kazi za muda, kwa kawaida, hawakupata kinga hiyo.

Umoja wa Ulaya nao, ulipofunga mipaka yake ya nje Machi mwaka huo, uliwaruhusu raia wa nchi wanachama na wageni wenye ukazi wa muda mrefu kurejea makwao.

Uingereza ilifuata njia hiyo ilipozuia wasafiri kutoka Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia Januari 22, 2021. Raia wa Uingereza na Ireland, pamoja na wageni wenye haki ya kuishi nchini humo, waliruhusiwa kuingia kwa sharti la kujitenga kwa siku 10.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ilikuwa na gharama. Kuanzia Februari 15, 2021, aliyeingia England akitoka katika nchi zilizo kwenye orodha nyekundu alitakiwa kukaa karantini katika hoteli iliyoteuliwa na serikali, kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja.

Kenya iliingizwa katika orodha hiyo Aprili 9, 2021 na kuondolewa Septemba 22 mwaka huo. Tanzania iliondolewa Oktoba 11. Kwa miezi yote hiyo, muuguzi kutoka Afrika Mashariki anayefanya kazi London aliyefiwa na mzazi nyumbani alikuwa na haki ya kwenda kuzika na kurudi kazini, lakini haki hiyo ilihitaji fedha nyingi na likizo ndefu.

Mkazi alipofungiwa nje

Aina ya pili ni ya nchi zilizowapokea raia wao na kuwazuia wakazi wa kigeni, hata wale wenye vibali halali.

Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako karibu watu tisa kati ya kumi si raia, ulisitisha kuingia kwa wenye viza za ukazi waliokuwa nje ya nchi kuanzia Machi 19, 2020. Waliokuwa likizo au safarini walijikuta mbali na kazi na familia zao bila kujua lini wangerudi.

Wakazi hao walianza kuruhusiwa kurejea Juni 1, 2020, kwa kuomba idhini maalumu kabla ya kupanda ndege. Ikumbukwe kuwa kwa utaratibu wa kawaida wa nchi hiyo, mkazi anayekaa nje zaidi ya miezi sita huweza kupoteza ukazi wake. Serikali ililazimika kulegeza sharti hilo kwa muda.

Japan ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Aprili 3, 2020, mkazi wa kigeni aliyeondoka nchini humo kwenda katika nchi zilizoorodheshwa hakuruhusiwa kurudi, hata akiwa mkazi wa kudumu, isipokuwa kwa sababu maalumu za kibinadamu. Raia wa Japan waliosafiri kwenda katika nchi hizo hizo waliruhusiwa kurejea na kukaa karantini.

Wakosoaji wa hatua hiyo walihoji jinsi virusi vinavyoweza kutofautisha pasipoti. Milango ilifunguliwa kwa wakazi wote wa kigeni Septemba 1, 2020.

China, nayo, ilisitisha viza na vibali vya ukazi vya wageni waliokuwa nje kuanzia Machi 28, 2020. Wenye vibali vya kazi na vya kuungana na familia waliruhusiwa kurejea Septemba 28 mwaka huo. Wanafunzi wa kigeni, wakiwamo maelfu kutoka Afrika, walisubiri hadi Agosti 24, 2022. Wengi wao walisoma kwa njia ya intaneti kwa zaidi ya miaka miwili, jambo lililokuwa gumu hasa kwa wanafunzi wa udaktari wanaohitaji mafunzo ya wodini.

Kwa wasomaji wa Pwani na Visiwani, mfano wa karibu zaidi ni Oman. Februari 25, 2021, nchi hiyo ilizuia wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Katazo hilo liliwahusu pia waliopitia katika nchi hizo ndani ya siku 14 kabla ya kuwasili.

Raia wa Oman, wanadiplomasia, wafanyakazi wa afya na familia zao hawakuhusika. Kwa hiyo, ndugu wawili waliokwenda Unguja kuwaona wazee wao, mmoja akiwa na uraia wa Oman na mwingine akiwa na kibali cha kazi, wangeweza kufika pamoja na kushindwa kurudi pamoja.

Hata raia alipowekwa kwenye foleni

Aina ya tatu ndiyo iliyowashangaza wengi, kwani hata pasipoti ya nchi husika haikutosha.

Australia ilifunga mpaka wake kwa wasio raia wala wakazi wa kudumu saa tatu usiku, Machi 20, 2020. Raia waliorudi walitakiwa kukaa hotelini siku 14 chini ya ulinzi, na kuanzia Julai mwaka huo jimbo la New South Wales liliwatoza dola 3,000 za nchi hiyo kwa mtu mzima mmoja.

Mwezi huo huo, serikali iliweka kikomo cha idadi ya abiria wanaoweza kuingia. Mashirika ya ndege yalibakiwa na viti vichache vya kuuza, na waliokuwa na tiketi za bei nafuu mara nyingi walijikuta safari zao zimefutwa. Hadi Novemba 2020, raia zaidi ya 35,000 waliokuwa nje walikuwa wamejiandikisha kuomba msaada wa kurudi.

Mei 3, 2021, wakati India ikiwa katika wimbi kali la maambukizi, Australia ilipiga marufuku hata raia wake kuingia wakitokea nchini humo, kwa tishio la kifungo cha hadi miaka mitano jela au faini ya dola 66,600. Raia mmoja aliyekwama huko alikwenda mahakamani, lakini Mei 10 Mahakama ya Shirikisho ilitupilia mbali hoja zake za awali. Marufuku hayo yalikoma Mei 15.

Jirani yake New Zealand iliweka utaratibu wa kugombea vyumba vya karantini. Kuanzia Septemba 2021 vyumba hivyo viligawiwa kwa mfano wa bahati nasibu: waombaji waliingia katika mtandao kwa wakati mmoja, kisha kompyuta ikapanga foleni bila kujali shida ya mtu.

Kikundi cha raia waliokwama, Grounded Kiwis, kilifungua kesi. Aprili 27, 2022, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa karantini yenyewe ilikuwa halali, lakini mfumo wa kugawa nafasi ulikiuka haki ya baadhi ya raia kuingia nchini mwao, kwa sababu haukuzingatia ipasavyo mahitaji ya mtu mmoja mmoja.

Mlango wa kutokea

Mjadala wa safari wakati wa janga huhusu zaidi kuingia, lakini Australia ilifunga pia mlango wa kutokea. Kuanzia Machi 25, 2020, raia na wakazi wa kudumu hawakuruhusiwa kuondoka bila kibali maalumu.

Awali, raia ambaye makazi yake ya kawaida yalikuwa nje aliachwa huru kurudi anakoishi. Agosti 2021 msamaha huo uliondolewa. Mwenye kazi na familia Singapore au Dubai aliyekwenda Sydney kumuuguza mzazi alilazimika kuomba ruhusa ya kurudi kwake. Katazo la kutoka liliondolewa Novemba 1, 2021 kwa waliopata chanjo kamili.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitangaza Machi 15, 2020 kuwa raia na wageni wenye vibali halali vya ukazi tu ndio wangeruhusiwa kuingia, kwa sharti la karantini. Siku 10 baadaye ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa hadi Agosti 1. Ruhusa ilibaki kwenye karatasi, kwani hapakuwa na ndege.

Uganda ilifunga Uwanja wa Ndege wa Entebbe kwa abiria, wakiwamo raia wake, Machi mwaka huo na kuufungua Oktoba 1. Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa Aprili na kuzirejesha Mei 18, 2020.

Lipo pia suala la uraia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, hivyo Mkenya mwenye pasipoti ya Uingereza ana milango miwili. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Mzaliwa wa Tanga aliyechukua uraia wa nchi nyingine hurudi nyumbani kama mgeni, na katika dharura atapimwa kwa masharti ya wageni.

Mambo ya kuzingatia

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya Uviko-19 Mei 5, 2023. Mei 20, 2025, nchi wanachama zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Mlipuko, ambao unasema wazi kuwa shirika hilo halina mamlaka ya kuiamuru nchi kuwazuia au kuwapokea wasafiri. Maana yake ni kwamba katika janga lijalo uamuzi utabaki tena mikononi mwa kila serikali.

Kutokana na yaliyotokea, anayeishi ughaibuni anashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Kwanza, afahamu aina ya kibali chake. Mkazi wa kudumu alilindwa katika nchi nyingi ambako mwenye kibali cha muda hakulindwa.

Pili, ajue muda anaoruhusiwa kukaa nje kabla ukazi wake haujafutika, na atunze ushahidi wa makazi yake, kama vile mkataba wa nyumba na barua ya mwajiri.

Tatu, ajiandikishe ubalozini. 

Nne, akiba ya dharura ihesabu karantini na siku za kazi zitakazopotea, mbali na nauli.

Mwisho, familia yenye pasipoti tofauti ikubaliane mapema ni nchi gani itakuwa kimbilio la wote. Mwaka 2020 familia nyingi zilianza kulijadili jambo hilo zikiwa uwanja wa ndege, baada ya ofisa wa uhamiaji kumruhusu mmoja kupita na kumrudisha mwenzake.