Mzee Mpumbavu wa Bad Liebenstein

Mwaka 1849 mwanamke mmoja wa ukoo wa kifahari, Bertha von Marenholtz-Bülow, alikwenda Bad Liebenstein, mji mdogo wa chemchemi za tiba katikati ya Ujerumani. Wenyeji wakamsimulia kichekesho cha mji: kuna mzee mpumbavu amehamia, kazi yake kurukaruka na watoto wa kijijini. Siku chache baadaye akamwona mwenyewe. Mzee mrefu, mwembamba, nywele ndefu za mvi, anapanda kilima na kundi la watoto wa miaka mitatu hadi minane, wengi wao pekupeku, wamepangwa wawili wawili. Kule juu akaanza kuwafundisha mchezo pamoja na wimbo wake. Bertha hakucheka. Aliandika baadaye kwamba machozi yalimtoka.

Mzee huyo ni Friedrich Fröbel. Wengi tunamkumbuka, kama tunamkumbuka, kwa neno kindergarten, yaani bustani ya watoto, jina aliloipa shule yake ya Bad Blankenburg mwaka 1840. Mimi nataka tumtazame kama mtu wa kitabu. Mwaka 1844 alitoa Mutter- und Koselieder, nyimbo za mama za kucheza na kumbembeleza mtoto, kwa michoro ya Friedrich Unger na muziki wa Robert Kohl. Na huyu mtunzi wa nyimbo za mama hakumjua mama. Alizaliwa 1782, na mama yake akafariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Sipendi uhakiki wa kumfukunyua mwandishi utoto wake, lakini kwa kitabu hiki ni vigumu kujizuia.

Kila mchezo kitabuni una vipande vyake: shairi fupi la kumnong'oneza mama, shairi la kumwimbia mtoto, mchoro, halafu maelezo marefu. Mchezo mmoja hauhitaji kifaa chochote. Mtoto mchanga kalala chali, anapiga mateke hewani. Mama anaweka viganja pale miguu inapofika ili mtoto apate cha kusukuma. Basi, huo ndio mchezo. Mwingine ni wa kuanguka: mama anamwinua mtoto, anamwachia kidogo tu adondoke kwenye mto laini, ashtuke, kisha ajikute yuko salama. Kuna jogoo wa kuonyesha upepo juu ya paa, ambapo mkono wa mtoto unainuliwa na kugeuzwa huku na huku. Kuna daraja la vidole, kuna samaki kijitoni, kuna kukata majani.

Ninaoupenda zaidi ni wa nyumba ya njiwa. Kwa mtoto mdogo, mkono wa mama ndio nguzo, kiganja ndicho kibanda, vidole ndiyo njiwa: vinatoka, vinaruka, vinarudi kulala. Mtoto akikua, mchezo unakua naye. Sasa watoto wameshikana mikono, wao ndio kibanda, na wenzao walio katikati ndio njiwa. Duara linafunguka, njiwa wanatoka mbio na mabawa yao, duara linawaita tena nyumbani. Wimbo ni uleule, ila umetoka kwenye vidole ukaingia mwili mzima.

Mashairi yenyewe, nisiseme uongo, ni mazito. Fröbel hawezi kumwacha njiwa awe njiwa; lazima atumie kurasa kumweleza mama kwamba kutoka na kurudi ni sheria ya maisha yote. Mama yeyote aliyewahi kumrusharusha mwanawe magotini huku akiimba hahitaji hotuba hiyo. Na Fröbel alilijua hilo vizuri, kwa sababu michezo mingi hakuibuni yeye. Aliwatazama akina mama wakicheza na watoto wao, akaichukua, akaiwekea falsafa juu. Ule wa kupiga makofi kama anayekanda mkate ulikuwapo siku nyingi kabla yake.

Sasa, nani angeuogopa mchezo wa njiwa? Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prusia ilipiga marufuku kindergarten. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa yamezimwa na wakubwa walikuwa bado wanatafuta wachawi. Waziri von Raumer akadai shule hizi ni sehemu ya mpango wa kisoshalisti wa kuwalea watoto wasimjue Mungu. Husemwa kwamba walimchanganya mzee na mtoto wa kaka yake, Karl Fröbel, aliyekuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu ya wanawake na kindergarten. Haya, tuseme walikosea jina. Mbona basi mzee alipojieleza hawakuiondoa amri? Naona waliogopa kitu kilichokuwapo kweli: wanawake wameanza kushika shule, tena kwa msaada wa watu wa siasa za mageuzi, na mtoto wa miaka minne anafundishwa kwa kuruka badala ya kukaa kimya. Fröbel alifariki Juni 1852. Amri iliondolewa 1860.

Kufikia wakati huo michezo ilikuwa imeshavuka bahari. Bertha von Marenholtz-Bülow aliitembeza nchi baada ya nchi. Mwaka 1855 Household Words, jarida la Charles Dickens, lilichapisha makala ya kuisifu. Mwaka uliofuata Margarethe Schurz alifungua kindergarten ya Kijerumani huko Watertown, Wisconsin. Susan Blow, aliyefungua ya kwake St. Louis mwaka 1873, akatoa toleo jipya la Kiingereza mwaka 1895, nalo akaligawa: nyimbo juzuu yake, falsafa juzuu yake. Uhariri mzuri sana huo.

Huko Louisville, Kentucky, mwalimu wa kindergarten Patty Hill na dada yake Mildred walikuwa wameshatoa kitabu chao cha nyimbo mwaka 1893. Kimo humo kiwimbo cha salamu za asubuhi ambacho muziki wake ndio tunaouimba leo mbele ya keki ya siku ya kuzaliwa, Dar es Salaam kama Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Patty Hill na Susan Blow walibishana mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia: Blow alitaka michezo ya mzee ifuatwe kama alivyoiacha, Hill alitaka watoto waachiwe nafasi ya kubuni ya kwao. Mimi ningekaa upande wa Hill, ingawa nashuku Blow ndiye aliyekisoma kitabu chote, pamoja na yale maelezo marefu.