Mtazamo wa watu na mageuzi ya taasisi za umma

Mtazamo wa watu katika taasisi za umma ni imani na mazoea yanayomwongoza mtumishi na mwananchi wanapokutana. Ndiyo huamua kama mageuzi yatashika mizizi au yatabaki kwenye karatasi.

Nchini Kenya, utawala wa kikoloni uliifanya ofisi ya serikali kuwa mahali pa amri: mkuu wa wilaya alitawala, raia akaingia kama mwombaji. Mazoea hayo yalidumu muda mrefu baada ya uhuru wa 1963. Katiba ya 2010 iliyakataa waziwazi: ibara ya 73 inamkabidhi ofisa wa serikali wajibu wa kuwatumikia wananchi badala ya uwezo wa kuwatawala. Vituo vya Huduma, vilivyoanza Nairobi mwaka 2013, vilikusanya huduma nyingi chini ya paa moja, kwenye kaunta za wazi. Hatua hiyo ni ya maana sana, kwani mlango uliofungwa ndio uliolea urasimu na hongo.

Nkoroi, karibu na Ongata Rongai katika Kaunti ya Kajiado, inaonyesha upande wa mwananchi. Tangu 2013 maji, zahanati na barabara za mitaa ni jukumu la kaunti, na sheria inataka wakazi washirikishwe katika bajeti. Mkazi anayeamini kwamba kila kitu kimeshaamuliwa haendi kwenye mkutano. Naye ofisa, akiona viti vitupu, huendelea kuamua peke yake.